Siku Moja Katika Hesabu

Kikokotoo cha kwanza nilichojaribu kukitunga kwa mkono wangu, katika jioni za Kabambare ambazo taa zake huwaka kwa akiba ya jua la mchana iliyowekwa katika betri, kilikuwa kitu kidogo kwa sura: kisanduku cha tarehe, kisanduku cha idadi ya siku, kitufe kimoja, na nafasi tupu iliyongoja jibu. Muradi wake ulikuwa kumwezesha mzazi aandike tarehe aliyozaliwa mtoto wake, naye aonyeshwe siku ya mwisho ya kumwandikisha katika daftari la vizazi. Maana sheria ya jamaa ya nchi yetu ya Kongo, tangu iliporekebishwa mwaka 2016, humpa mzazi siku 90 za kutimiza wajibu huo, na muhula huo ukipita, cheti hakipatikani tena ila kwa hukumu ya mahakama, yaani kwa safari, kwa gharama, na kwa subira ambayo si kila mkulima wa bonde la Luama aweza kuimudu.

Mimi ni mwanagenzi katika fani hii ya kutunga programu. Nimejifunza kwa kusoma, kwa kukosea, na kwa kufuta nilichokosea, katika simu kwanza na baadaye katika kompyuta ya kuazima. Na kama wanagenzi walio wengi nilidhani ya kuwa, katika mambo yote ambayo mashine yaweza kuamriwa, kuhesabu siku ni jepesi kupita yote, kwa kuwa hata mtoto ambaye hajapelekwa chuoni huhesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Idi.

Jirani yangu, bibi wa umri wa nyanya yangu, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuniletea tarehe ya kweli. Kitukuu wake alizaliwa tarehe 5 Januari 2025. Niliiandika tarehe hiyo, nikabonyeza kitufe, na jibu likatokea: 5 Aprili 2025. Bibi hakulikataa jibu wala hakulipokea. Alivuta bakuli la mahindi, akamwita mjukuu wake mmoja asimame mbele ya kalenda ya ukutani na kuzitaja tarehe kwa sauti, naye kila tarehe iliyotajwa akaiwekea punje moja juu ya mkeka. Na punje ya 90 ikaangukia tarehe 4.

"Bibi," nilisema, "mashine hii haikosei katika kujumlisha."

"Mjukuu wangu," alijibu bila ya kuinua macho, "siku aliyolia mtoto mara ya kwanza, kwako wewe haikuwa siku?"

Sikuwa na jawabu, na usiku ule sikulala mapema. Programu yangu ilianza kuhesabu kesho ya kuzaliwa mtoto, na bibi alianza siku ile ile. Mashine ilipima nafasi iliyo kati ya tarehe mbili, naye alihesabu siku zenyewe, kama vile fundi wa ua awezavyo kuhesabu nguzo au kuhesabu nafasi zilizo kati ya nguzo: mahali penye nguzo kumi zilizopangwa mstari mmoja pana nafasi tisa, na mafundi wawili wakiagizwa fito bila ya kuulizana wahesabu kipi, mmoja ataleta pungufu au mwingine ataleta ziada, ijapokuwa wote wawili wana macho mazima na akili timamu. Kisha nikaitazama kalenda tena, nikaona jambo lililonitia haya. Tarehe 5 Aprili 2025 ilikuwa Jumamosi, siku ambayo milango ya maofisi aghalabu hufungwa, na tarehe 4 ilikuwa Ijumaa. Mzazi ambaye angeiamini mashine yangu mpaka ukomo wa muhula angefika na mtoto wake mgongoni mbele ya kufuli.

Mji wetu si mgeni wa hesabu za namna hii. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaelekea Kasongo na Nyangwe. Na kwa njia hiyo hiyo, pamoja na mpunga na sala tano, ndiyo ilikuja lugha hii niandikayo. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone, ambaye katika maandiko yake aliuita mji huu Bambarre, alikaa humu kibandani, hawezi kutembea kwa vidonda vya miguu, tangu 22 Julai hata 10 Oktoba, na katika shajara yake alizitaja siku hizo kuwa 80. Nimezijaribu kwa programu yangu: Julai zilisalia 9, Agosti 31, Septemba 30, Oktoba 10, na jumla yake ni 80 kamili. Msafiri yule alihesabu kama ihesabuvyo mashine. Kwa punje za bibi zingekuwa 81, kwa kuwa vidonda vilimwuma siku aliyoingia kibandani, na siku aliyotoka havikuwa vimemsahau.

Mtu huyo alikuwa mwangalifu wa tarehe kwa kiasi kinachostahili heshima. Tarehe 5 Februari 1871, akiwa angali hapa, alimwandikia rafiki yake Horace Waller waraka ambao umehifadhiwa mpaka leo. Na karatasi zilipomwishia aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya nchi hii, lakini tarehe hakuacha kuitia. Hata hivyo siku zilimponyoka. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, aliandika kwamba walikutana Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone yauweka mkutano huo katika siku za mwisho za Oktoba; watu wawili walishikana mikono katika saa moja na mahali pamoja, na kati ya kalenda zao mna tafauti ya kadiri ya majuma mawili.

Nikiyafikiri hayo, moyo wangu hauhuzuniki kwa majuma mawili ya msafiri. Huwahuzunikia wale waliopita njia hiyo wakiwa katika minyororo, wenye pembe za ndovu vichwani na watoto ubavuni, ambao hakuna karatasi iliyotaja siku waliyotekwa wala kijito walikoangukia. Siku 80 za mgeni mmoja twazijua kwa idadi, na za maelfu wale hatujui hata moja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye watu walimwita Tippu Tip, na ambaye makao yake makubwa yalikuwa Kasongo, aliposimulia maisha yake kwa Kiswahili alisimulia safari, vita na biashara kwa ufasaha, lakini tarehe alizitaja kwa uchache sana. Ilipokuja vita ya Dola Huru la Kongo na Waarabu wa huku, Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare Januari 1894. Nazo tarehe hizo zimo vitabuni kwa kuwa walioshinda walikuwa na daftari. Kwa ajili hiyo daftari la vizazi naliona kuwa ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la serikali: kumwandikia mtoto siku yake ni kukiri mbele ya ulimwengu kwamba alifika, na kwamba tangu siku hiyo hesabu ya maisha yake ni mali yake. Aliyetwaa kazi ya kuunda chombo cha hesabu hiyo amebeba amana, na siku moja iliyopungua katika amana ni upungufu.

Nikaingia basi kuichungua lugha niliyoitumia, iitwayo JavaScript, ambayo toleo lake la kwanza liliundwa na Brendan Eich kwa muda wa siku 10 katika Mei 1995, na ambayo namna yake ya kushika tarehe iliigwa kutoka lugha nyingine iitwayo Java. Ndani ya chombo hicho hamna Januari wala Ramadhani, hamna masika wala kiangazi. Mna idadi moja tu, nayo ni ya sehemu za elfu za sekunde zilizopita tangu kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, na kila siku ina sehemu 86,400,000. Miezi huihesabu tangu 0 hata 11, hivyo mwanagenzi aandikaye 1 akikusudia Januari hupewa Februari, walakini siku za mwezi huzihesabu tangu 1 kama wafanyavyo watu wote. Fauka ya hayo, haimkatalii mtu tarehe isiyokuwapo: ukiiamuru iongeze mwezi mmoja juu ya 31 Januari 2025, huiendea 31 Februari, na kwa kuwa siku kama hiyo haikuumbwa, husogea mbele kimyakimya mpaka 3 Machi, isikupe onyo wala ishara. Karani wa kibinadamu angekunja uso na kuuliza. Mashine haina uso wa kukunja, na kwa hiyo swali lote limeachiwa yule aliyeitunga programu, alijibu kabla mtumiaji hajafika.

Kalenda yenyewe inayotumiwa na mashine ni mapatano ya wanadamu, nayo ina alama za kushonwa. Katika mwaka 1582, kwa amri ya Papa Gregori wa XIII, Alhamisi ya 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba, siku 10 zikarukwa ili mwaka wa watu urudi sambamba na mwendo wa jua. Na ikawekwa kanuni kwamba mwaka unaogawanyika kwa 4 uwe na siku 366, isipokuwa mwaka wa kumaliza karne usiogawanyika kwa 400, ndiyo maana mwaka 2000 ulikuwa mrefu na mwaka 1900 haukuwa. Katika miaka 400 mna siku 146,097, ambazo ni majuma 20,871 bila ya kubaki hata siku moja. Nilipoipata hesabu hiyo nilifurahi kama mtu aliyeona mshono uliofichwa kwa ustadi ndani ya kanzu: walioipanga kalenda ile walijua kwamba siku ndogo ikipuuzwa mwaka huu itakuwa mwezi mzima mbele ya wajukuu.

Somo la pili lilitoka mbali. Nilimpelekea programu ndugu yangu aliyeko Ubelgiji, naye akanijulisha kwamba toka 1 Machi hata 1 Aprili 2024 humwambia siku 30, na hapa Kabambare, kwa tarehe hizo hizo, husema 31. Nilidhani ameandika vibaya, kumbe aliyeandika vibaya ni mimi. Katika nchi nyingi za Ulaya saa husukumwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka ule Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 31, siku ambayo kwa watu wa huko ilikuwa na saa 23. Nami nilikuwa nikiigawa jumla ya saa kwa 24 na kulitupa baki, na pamoja na baki nikawa nimemtupia siku nzima. Kwetu saa hazisukumwi, kwa hiyo kosa lilikaa kimya hapa Kabambare likajidhihirisha Bruxelles. Dawa yake ni kuzipima tarehe zote mbili kwa saa ya ulimwengu, ambayo haisukumwi na mtu. Na hata ndani ya mipaka yetu neno "leo" halina maana moja: Maniema, jimbo letu, hufuata saa za mashariki na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, hivi kwamba mtoto azaliwaye hapa saa sita na nusu za usiku ana tarehe ambayo mji mkuu haujaifikia.

Tukija kwenye majina ya siku, ikhtilafu huzidi. Pwani huhesabu juma tangu Jumamosi, ifuatayo Ijumaa ya ibada, na hivyo Jumatano kwao ni ya tano. Sisi katika Kingwana, Kiswahili cha huku kwetu, twasema siku ya kwanza kwa ile ambayo wa pwani huiita Jumatatu, siku ya pili kwa Jumanne yao, na tukifika siku ya tano tumefika Ijumaa. Mgeni wa kutoka Kigoma akiambiwa sokoni aje siku ya tano aweza kuja Jumatano, akangoja kivulini mpaka jua litue, asimwone mtu. Mashine nayo huipa Jumapili 0 na Jumatatu 1, kwa hiyo Ijumaa kwake ni 5. Ikawa Kingwana chetu na lugha iliyotungwa Marekani vimeafikiana bila ya kupelekeana habari. Sikulijua hilo mpaka nilipoandika majina ya siku kwa namna mbili katika programu, nikaona safu ya kwetu imeketi juu ya namba bila ya kusogezwa.

Lakini afikiano hilo lisitudanganye, kwa sababu wazee wetu na mashine hawakubaliani hata juu ya saa ambayo siku huzaliwa. Mtoto akizaliwa saa mbili za usiku, jua la Alhamisi likiwa limekwisha kuzama, mzee wa hapa husema kazaliwa usiku wa Ijumaa, naye yuko sahihi, kwa kuwa katika hesabu aliyorithi usiku hutangulia mchana wake. Karani asiyeuliza huandika Ijumaa. Mashine husema Alhamisi, kwa kuwa siku yake haigeuki mpaka saa sita za usiku. Papo hapo, kabla mtoto hajapewa jina, amekwisha kuwa na tarehe mbili, na tafauti yake ni siku moja ile ile ya punje za bibi.

Nilipoona watu wamekipenda kikokotoo nilishawishika kukiongezea kazi, na mtu mmoja akaniomba kisanduku cha eda. Qur'ani imemwekea mjane muda wa miezi minne na siku kumi, nami kwa pupa niliandika amri ya kuongeza miezi 4 na siku 10 juu ya tarehe ya msiba. Jioni nilifanya jaribio: toka 1 Julai hata 1 Novemba ni siku 123, na zikiongezwa 10 huwa 133. Ndipo nilipozindukana. Miezi iliyotajwa ni ya mwandamo, ambayo kila mmoja una siku 29 au 30, na minne yake huwa siku 118 au karibu na hapo. Kwa hiyo muda mzima ni takriban siku 128, na mume akifa katikati ya mwezi wapo mafakihi wanaohesabu siku 130 kamili. Programu yangu ingemweka mama wa watu ndani siku tano zisizotakiwa na dini, tena kwa sauti ya uhakika ambayo mjane katika huzuni yake asingethubutu kuibishia. Nilikifuta kisanduku kile. Hakitarudi mpaka nimekaa mkekani mbele ya shekhe, na shekhe amenieleza, na mimi nimemsomea nilivyoelewa, naye ameridhika.

Wakati huo nilizikumbuka habari za mabaharia wa pwani, ambao kabla ya kalenda za kuchapwa walikuwa na mwaka wao wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Nahodha aliposema siku ya mia ya mwaka, mwenye jahazi, mpakizi na mke aliyebaki nyumbani wote walijua upepo gani unavuma na safari gani haifai kuanzwa. Na huko Makunduchi, Unguja, mwaka huo wangali wakiukaribisha kwa Mwaka Kogwa. Hesabu ile haikuhitaji betri. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila aliyeitumia alijua imeanzia wapi, na hakuna aliyelazimika kumwamini mwenziwe asiyemwona.

Hapo ndipo nilipoelewa upungufu wa kazi yangu. Jumlisho langu lilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimeificha kanuni nyuma ya kitufe, nikampa bibi namba tupu, kana kwamba namba huota zenyewe ardhini. Yeye alikuwa ameziweka punje zake mkekani, mbele ya macho ya kila aliyekuwapo, na mtu yeyote angeweza kuinama akazihesabu upya. Tangu hapo kikokotoo changu hujibu kwa mistari miwili: mstari wa kwanza hutaja siku ya mwisho ikiwa siku ya kuzaliwa imehesabiwa, wa pili hutaja siku ya mwisho ikiwa haikuhesabiwa, kila tarehe ikiandamana na jina la siku kwa Kingwana na kwa Kiswahili cha pwani; na chini yake pana swali moja, kama mtoto alizaliwa baada ya jua kuzama. Ni faili moja nyepesi, hupita toka simu moja hata nyingine pasipo mtandao, na mwenye kuifungua aweza kuiona kanuni yote.

Ewe kijana unayeanza fani hii, hapa Kabambare, au Kasongo, au Salamabila, au popote lugha hii inaposomwa, nakusihi usidharau hesabu ya siku kwa sababu ni fupi kuandikwa. Kabla ya kugusa kitufe chochote, nenda kwa watu watakaokitumia, uwaulize siku yao huanza saa ngapi, siku ya kwanza huhesabiwa au huachwa, na mwezi wanaoutaja ni wa jua au wa mwandamo. Kisha uandike chini ya kila jibu namna ulivyolipata, ili bibi mwenye bakuli la mahindi aweze kukusahihisha.

Kitukuu wake aliandikishwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025, ambayo ni siku ya 88 kwa hesabu ya mashine, na ya 89 kwa hesabu ya punje.